Ukurasa wa Kumi na Mbili

Mvua ya Bukavu haipigi hodi.
Imeteremka na mlima, imekamata mabati ya Cimpunda,
na umeme, kama desturi yake, umekuwa wa kwanza kukimbia.
Sawa tu. Nina mshumaa, nina chai ya mchaichai,
nina sambaza wa jana kwenye kisahani,
na kitabu nilichokodi kwa Bisimwa pale sokoni,
franga mia tano kwa juma, jalada limeshonwa kwa uzi wa viatu.

Ni vile vitabu vyangu:
mji mdogo, watu wenye maua madirishani,
mjane mmoja na paka wake, hodari wa kuchungulia ya jirani,
na maiti mmoja.
Mmoja tu! Tena bwana mchoyo;
waliokuja matangani walifuata keki.

Sasa, ukurasa wa kumi na mbili, pembeni, kwa penseli:
*Ni mpishi.*

Mungu wangu. Nani kanifanyia hivi?

Bisimwa huandika wakopaji nyuma ya jalada.
Nabintu wa duka la dawa: hapana,
yeye ni kalamu ya bluu, inayovuja kila risiti.
Mwalimu Cirhuza angeweka tarehe, na alama juu ya kumi.
Sista Imakulata haharibu mali ya watu
(ingawa tone la nta ukurasa wa sitini na nane
si la mshumaa wangu).
Anabaki Mugaruka, fundi saa,
penseli sikioni tangu nimjue.

Nikaendelea kusoma kwa uchungu.
Kila mpishi alipokoroga supu, nikasema: haya, muuaji.
Alipolia, nikasema: machozi ya vitunguu hayo.

Huku kwetu watu huzikwa,
na swali huzikwa nao.
Kule, kwa mchoyo mmoja asiyeliliwa na mtu,
mji mzima unaulizwa: saa nne usiku ulikuwa wapi?
Na kila mtu analazimika kujibu.
Labda ndicho ninachokikodi kwa franga mia tano.

Mshumaa umebaki kidole kimoja. Ukurasa wa mwisho.
Si mpishi!
Ni mpiga kinanda wa kanisa, na glovu zake safi.
Mpishi alikuwa jikoni anakanda unga,
kama alivyosema tangu mwanzo, maskini, na mimi nikamkatalia.
Nilicheka hadi jirani akagonga ukuta.

Jumamosi nikapita kwa Mugaruka.
Kioo jichoni, saa ya mtu imefumuliwa matumbo mezani.
"Umekimaliza?"
"Nimekimaliza."
"Mpishi, siyo?"
"Mpishi," nikamjibu.
Hakuna aliyecheka.

Kwapani nilikuwa na kitabu kingine, nimekisoma usiku kucha,
na kesho zamu yake ni ya Nabintu.
Nikamwomba Mugaruka penseli.