Ya Muda

Tõnis Kirsipuu alipofariki mwezi wa Februari
nilirithi kiti chake, kikombe chenye ufa,
na akaunti ya ghala la kontena
ambamo programu zetu hulala zimefungashwa
zikingoja seva izivute.

Nikafungua ukurasa wa tokeni.
Kumi na moja, kila moja na jina aliloipa:
majaribio, majaribio-mapya, majaribio-mapya-kabisa,
usifute, usifute-tafadhali,
na chini kabisa, ya-muda,
iliyozaliwa miaka sita iliyopita.
Kusoma ruksa, kuandika ruksa, kufuta ruksa.
Tarehe ya kuisha: hakuna.

Hakuna kinachodumu kama kitu cha muda,
alizoea kusema, akiunga waya kwa utepe wa gundi.

Utaratibu ni mfupi, hauna machozi:
anayeondoka, funguo zake hufutwa.
Herufi zenyewe sizioni.
Tokeni huonyeshwa mara moja tu, siku inapoundwa,
kisha hata aliyeiunda huona nukta tupu.
Na neno lenyewe, ukilitamka kwa ukali, ni amri.
Nikaziambia, kama wageni waliopitiliza:
tokeni,
mwenye nyumba hayupo.
Zikatoka. Hakuna seva iliyozima, hakuna kengele iliyolia.

Nilipofika kwenye ya-muda kidole kikasita.
Ilitumika mara ya mwisho: leo,
saa tisa na dakika saba usiku.

Leo.
Tõnis ana wiki tano kwenye makaburi ya Raadi
na kuna kitu kinabisha hodi kwa jina lake
kila usiku, dakika ile ile,
kinavuta furushi moja, megabaiti arobaini,
kinaondoka.

Kaupo wa usalama akasema: mwizi huyo, kata.
Mwizi gani, nikamuuliza, anayefika kwa wakati hivi?
Akanipa hadi Ijumaa.

Anwani ilinifikisha Supilinn,
ambako mitaa ina majina ya mboga.
Nikapita Viazi, nikapita Maharage,
theluji imeanza kuoza kandokando ya ua,
nikagonga mlango mtaa wa Njegere.
Leelo alifungua akiwa ndani ya koti la mumewe.
Hakuuliza nimefuata nini;
watu walikuwa wakija kila siku na keki na maneno.
Nikasema nimefuata kompyuta, ndogo sana.
Akacheka. Akanishusha chumba cha chini.

Juu ya gunia la viazi
kitu cha ukubwa wa kipande cha sabuni,
utepe wa gundi pande zote, taa moja ya kijani,
na mbele yake treya nne za miche ya nyanya
chini ya mwanga wa zambarau.
"Inajua saa ya kuziwashia," Leelo akasema.
"Mimi namwagilia tu."
Ufunguo unaoweza kubomoa ghala zima
alikuwa ameukabidhi nyanya.

Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa
nikaunda tokeni nyingine.
Kusoma: ruksa. Kuandika: la. Kufuta: la.
Jina: nyanya-za-leelo.
Herufi zikatokea, mara ile moja,
nikazibandika mahali pake haraka
kama mtu anayebeba maji kwa viganja.
Kisha ile ya zamani nikaiambia lile neno,
kwa sauti ya chini,
maana mjane alikuwa nyuma yangu.

Muda wa kuisha? mfumo ulikuwa umeuliza,
na chaguo la "kamwe" lilikuwepo.
Sikulichagua. Kaupo nitakuwa na mengi ya kumweleza Jumatatu.
"Itakwisha Machi ijayo," nikamwambia Leelo.
"Itabidi mtu aje aibadilishe."

"Mtu huyo," akasema, akichuma jani kavu,
"chai yake anakunywa na nini?"