Matofali Mekundu

Sanduku la buti za marehemu mumewe,
limefungwa kwa uzi wa katani. Bi Thora Engebretsen alilileta
siku aliyohamia nyumba ya wazee,
akaliweka juu ya meza yangu ya maktaba
kama mtu anayerudisha bakuli la jirani.
"Kadi tu za chuo," akasema. "Zilikuwa za mama,
alipokuwa akipika humu. Ukikosa pa kuziweka, choma."

Sikuchoma. Theluji ilikuwa imefika magotini,
wanafunzi mia tatu na ushei wamekwenda Krismasi,
na tanuri la joto linakohoa peke yake chini ya sakafu.
Nikazipanga.

Jengo Kuu, 1908. Jengo Kuu, tena. Jengo Kuu na ng'ombe
aliyepita bila kualikwa, ukingo wa picha umemkata kichwa.
Kisima. Darasa la kemia: vijana tisa
wameikodolea macho chupa tupu,
maana mpiga picha amewakataza kupumua.
Na anga lile! Buluu ya sahani za harusi,
hapa Minnesota, mwezi wa Machi, ambapo mbingu
ni maji yaliyokwisha kuoshea vyombo.

Rangi zilitiwa Ujerumani.
Picha zilivuka bahari nyeusi na nyeupe, zikarudi zimevaa.
Kulikuwa na mtu huko Leipzig
(jina lake halikuandikwa popote, nami sitamzulia)
aliyeinamia jengo asilowahi kuliona
akajiuliza: matofali haya, rangi gani?
Udongo wetu ukichomwa hutoka wa manjano, kama siagi iliyolala.
Yeye akatia wekundu.

Nyuma, mwandiko wa watoto wa wakulima:
Mama, nimefika. Nitumie soksi.
Chakula ni kizuri, usimwambie Shangazi Gudrun.
Dirisha langu nimelitia msalaba.
Msalaba, msalaba, msalaba, nimehesabu kumi na saba.
Anton Kjelstad aliikandamiza kalamu hata karatasi ikatoboka:
ghorofa ya tatu, la pili kutoka kushoto.
Ukiiinua kadi mbele ya taa,
dirisha lake linawaka.

Januari ya 1917 Jengo Kuu liliungua.
Maji yaliganda ndani ya mipira.
Hakufa mtu; walikufa paka wa mlinzi na daftari la madeni ya ada
(paka alililiwa).
Michoro nayo ikawa majivu, na waashi walipouliza
lilikuwaje, Mchungaji Osmund Rygh,
aliyesoma humo miaka minne,
aliyeuegemea ukuta ule wa manjano kila alasiri
akimeza sarufi ya Kilatini,
akachomoa kadi mfukoni. "Hivi."
Hakuna aliyebisha.
Matofali mekundu yakaletwa kwa treni, kutoka mbali, kwa bei ya kuruka.

Asiyekuwapo na lake halipo, ndivyo tusemavyo.
Haya, kamwambie huyo wa Leipzig.
Kila asubuhi naingilia mlango wake.

Saa kumi tanuri likanyamaza. Nikashuka na tochi.
Nyuma ya mabomba, pale fagio halifiki,
msingi wa zamani: safu nne za manjano, zina masizi.
Nikaweka kiganja. Zilikuwa bado na joto,
la tanuri, najua, la tanuri tu.

Niliporudi juu nikaifungua kadi ya mwisho.
Jengo Kuu, anga la sahani. Haina stempu,
haina anwani, nyuma hakuna hata neno.
Mbele, kwa penseli hafifu mno, ya mtu
aliyekuwa tayari kuifuta akisikia hatua,
msalaba: ghorofa ya tatu,
la pili kutoka kushoto.

Wapishi walilala kule nyuma, juu ya ghala la viazi.

Nimezitia zote mbili bahasha moja.
Kwenye orodha nimeandika:
Jengo Kuu, nakala mbili.