Swali la Saba

Kuuliza si ujinga, tuliambiwa tukiwa wadogo.
Kuuliza kwa pauni kumi na mbili kwa saa
hatukuambiwa ni nini.

Novemba, Whitby. Mvua inakuja kwa ubavu,
fomu zangu zimo ndani ya mfuko wa nailoni,
kalamu imegoma, nimeazima nyingine posta.
Swali la saba: watoto wafundishwe nini shuleni
kuhusu chanzo cha uhai?
Mageuko. Uumbaji. Vyote viwili. Sijui.
Tiki moja tu. Usimshawishi mhojiwa.

Mzee Garbutt, mwoka mikate mstaafu,
hakusubiri nimalize:
"Mageuko. Na uikandamize hiyo kalamu."
Nyuma yake, juu ya saa, msalaba wa ukindu
wa Jumapili ya Matawi ya mwaka gani sijui,
umekauka ukawa rangi ya ganda la mkate.
Akaona ninakotazama.
"Wa marehemu mke wangu," akasema. "Haugusiki."
Hilo halina kisanduku.

Nyumba ya kumi na nne, mbwa.
Ya kumi na tano, "Hatununui kitu."

Bi Thirza Verrill alinivua koti bila kuniuliza.
"Uumbaji, mwanangu. Siku sita, ya saba kupumzika."
Lakini dirishani kwake kuna mawe
yaliyojikunja kama mkia wa kinyonga,
ameyapanga, la kale kushoto, la juzijuzi kulia.
"Bibi yangu alisema ni nyoka,
mtakatifu aliwalaani wakawa mawe.
Wenye maduka wakawachonga vichwa, wapate bei."
Hili lina umri gani?
"Miaka milioni mia na themanini," bila kupepesa.
Na Mungu?
"Huyo simwulizi umri. Kunywa chai."

Mlango wa mwisho alifungua mtoto,
meno mawili ya mbele hana.
Sheria: miaka kumi na minane na kuendelea.
Nikageuka niondoke. Akaniita:
"Na wewe unasemaje?"

Mimi?
Mimi nilisoma Njombe, darasa lenye dirisha moja zima.
Jumatatu, kipindi cha pili Baiolojia, cha tatu Dini,
mwalimu yule yule, Chengula, chaki ile ile.
Alichora fuvu la Olduvai, tukalinakili,
mimi taya lilinishinda.
Kengele. Akafuta ubao,
akaandika: Siku ya Kwanza.
Vumbi la fuvu lilikuwa bado hewani,
limemkaa kwenye nyusi,
nasi wa dawati la mbele tukapiga chafya
mpaka kwenye Amina.

Hayo sikuyasema. Nilisema,
"Mwambie mama nitarudi kesho."

Ndani ya basi nikahesabu.
Fomu thelathini na tatu, tiki thelathini na mbili.
Moja imelowa,
wino umekimbia visanduku vyote vinne,
na siwezi kukumbuka ilikuwa ya nani.
Msimamizi ataniuliza.