Saa Moja Baina Yetu

Fundi wa kiyoyozi alisema atakuja saa tatu.
Thalatha, alisema, kwa Kiarabu chake cha kuokoteza,
nami na changu cha madrasa nikamwelewa barabara.
Nikaomba ruhusa kazini, nikakaa tangu asubuhi
na buibui langu mwilini, jasho mgongoni,
nikisikiliza lifti ikiwapandisha wageni wa wengine.
Alifika alasiri, Sajivani, ngazi begani,
akanikuta nimenuna hadi masikio.
Tatu yake ni tisa yangu.
Saa za huku huanza kuhesabiwa usiku wa manane,
watu wamelala, hakuna wa kushuhudia.
Tangu siku ile natembea na sita kichwani,
naongeza, napunguza,
kama mvunja fedha wa mpakani.

Na fedha zenyewe! Riyali moja, baisa elfu.
Mia tatu ya vitunguu nikaiona si kitu,
kumbe kwa mia tatu hiyo
Ngamiani ningekula wali na maharage, nikabakiza.

Mwezi wa sita bomba la baridi likaniunguza.
Tangi liko juu ya paa, na jua la Mabela halina huruma.
Bi Zuwena wa ghorofa ya pili ndiye aliyenifunza:
zima hita, fungulia la moto,
maji yaliyolala ndani ya nyumba ndiyo yaliyopoa.
"Mambo ya huku kinyumenyume, mwanangu. Utazowea."
Aliondoka Wete ana miaka tisa,
na Kiswahili chake kina miaka tisa hadi leo,
kinaruka kamba, kinaita vitu majina
niliyoyasikia kwa bibi yangu tu, siku za homa.

Mleta maji ya kunywa namwelekeza hivi:
nyuma ya msikiti wa kuba ya kijani,
mkabala na fundi wa dishidasha,
penye gari jeupe.
Magari yote ni meupe.
Lakini hufika.

Kazi yangu ni meno.
Plasta, nta, waridi la fizi za bandia.
Sura za wenyewe sizijui, nawajua kwa taya:
huyu husaga usingizini, huyu hutafunia kushoto.
Mzee mmoja wa Bahla alituma kopo la tende,
na salamu kwamba sasa anazimudu.
Nilizila nimesimama, tatu, kisha nne,
kisha nikakaa chini.

Ukutani nilitundika saa niliyoibeba sandukuni,
imefungwa ndani ya kanga isivunjike kioo.
Nilikataa kuisogeza. Ilionyesha Tanga.
"Saa moja tu baina yetu," mama husema,
kama asemaye mtaa wa pili.
Lakini Ramadhani ilipokuja, ndani ya saa ile moja
mimi nilikuwa nimeshafuturu na vyombo nimeosha,
naye kwenye simu bado anakuna nazi,
nasikia kifuu kikilia kwenye mbuzi,
na mate yananijaa, nimeshiba.

Juzi niligundua imesimama.
Si jana yake, wala juzi yake; sijui tangu lini.
Hilo ndilo lililonishtua, si betri.
Nikashuka kwa muuza karaki, nikanunua mbili,
chenji nikaipokea bila kuihesabu.
Nikarudi, nikaishika ile saa mapajani,
kidole kwenye kigurudumu cha nyuma,
muda mrefu.
Nikaiweka saa ya hapa.
Kisha nikampigia mama, tukaongea bei ya dagaa.

Leo Sajivani kanitumia ujumbe: filta zimeshika vumbi,
atapita saa nne.
Sikumuuliza nne ipi.
Saa kumi nikabandika chai, na iliki ndani,
ikachemka, ikapanda,
nikaiwahi kabla haijamwagika,
na kengele ya mlango ikalia.