Shilingi Tatu za Kitagawa

Duka lilikuwa hapa, njia ya stesheni,
wanapouza sasa chaja na vocha.
Kitagawa. Watoto wa Ng'ambo walijazana barazani wakimwuliza:
kitagawa nini, Bwana? Kitamgawia nani?
Naye, aliyejifunza Kiswahili chake sokoni,
akawagawia vifungo vya shati, kimoja kimoja.

Bibi yangu Nyanzala alikopa kwake doti ya kanga
iliyochapwa hukohuko kwao, na mtu asiyejua anachokichapa:
MGENI NJOO MWENYEJI APOME.
Bibi alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la nta.
Kwa herufi moja iliyokosewa akapunguziwa senti hamsini.
Zikabaki shilingi tatu, za kulipwa asali ikishuka.
Akaziandika daftarini
kwa mwandiko wa kwao, unaoanguka kutoka juu kama mvua.

Kabla ya asali, vita.
Askari wawili walimjia Desemba, mchele bado umelowekwa.
Walisema: adui. Akageuka nyuma
kuona ni nani anayeambiwa.
Ufunguo aliutoa kwa mikono miwili.
Garimoshi likamchukua, na baada ya hapo ni maneno tu:
Bara Hindi, kambi, seng'enge, homa.
Aliyegawa vifungo akapewa chake.

Mnada ulimalizika asubuhi moja.
Mizani ilikwenda Gongoni, mabeseni Kachoma,
hata kisahani cha paka kilipata bei.
Kisha Bwana Shauri akainua daftari, akaligeuza,
akaligeuza tena:
Nani anadaiwa na huyu?
Uwanja ukanyamaza.
Sitaki kudanganya, kimya kile hakikuwa cha namna moja.
Wapo waliomshukuru Mungu kwamba deni limekufa.
Wapo walioogopa kutajwa pamoja na adui.
Bibi alisubiri afike nyumbani, akafunga mlango:
"Ananidai yeye. Hawa sijawakopa."

Kanga hakuivaa tena. Pindoni alifunga shilingi tatu,
asali ikashuka, ikashuka, miaka.
Mfalme wa kwenye sarafu akafa. Bendera ikabadilika.
Bibi naye akaenda, fundo halijafunguliwa.

Nimelirithi mimi. Benki walinicheka.
Kijana wa chaja huniuliza natafuta nini hapa,
nami humwambia napita tu.
Ila mvua ikianza kuanguka wima mbele ya duka lake
husimama kidogo, nikiitazama mistari.
Humo, mahali fulani, pameandikwa Nyanzala,
na chini yake, tatu.