Mawe ya Torrachan

Usiniulize ni nani aliyeubomoa.
Mizinga haikufika huku, njia ilikuwa tope tupu.
Mnara wa Torrachan tuliubeba sisi wenyewe,
jiwe baada ya jiwe, kwa toroli,
mvua inapokatika.

Lakini ingia kwanza. Inama.
Mlango ulifanywa mfupi makusudi,
mgeni atangulize shingo.
Hapa palisimama lango la nondo, vyuma vimesukwa kama ukili,
na juu yake, ukifuta kuvu, zimo herufi:
N.C., G.M., mwaka 1587.
Ninian Carmure na Grizel Mowat.
Katikati moyo, umechongwa vibaya,
kama kitunguu.
Bibi hakuacha jina la babake.
Wala funguo hakuziacha.

Chini ni ghala, dari lake tao, kuta unene wa futi saba.
Usiku wa wanyang'anyi ng'ombe walilala humu,
na joto la pumzi zao likapanda ukumbini
kwa tundu la sakafu,
likifuatana na harufu.

Ngazi inajiviringa kama konokono,
ila inapinda kushoto,
kinyume cha minara yote ya bonde hili.
Wasomi husema bwana alikuwa mashoto,
apate nafasi ya kuuzungusha upanga.
Mjomba Dugald, mwashi miaka arobaini, alicheka:
"Fundi alikosea, akaona haya kusema."

Tazama juu. Meko ya ghorofa ya tatu
yananing'inia hewani, hayana sakafu,
hayana wa kuota moto.
Kando yake, ndani ya ukuta,
kuna kijichumba cha mtu mmoja aliyeketi,
na mfereji mwembamba unaoleta maneno ya ukumbini.
Humo Grizel alimsikia mumewe akihesabu:
ng'ombe thelathini, shamba la mtoni, na Marsaili.
Binti yao, baada ya shamba.

Asubuhi lango lilikuwa wazi,
farasi mmoja hayupo,
na ufunguo ukakutwa ndani ya sufuria ya uji.
Hakuna aliyeuliza nani alipika.

Wajukuu walilivua paa kuikwepa kodi:
nyumba isiyo na paa haikutozwa.
Ikaachiwa mvua.
Mvua ya huku haina haraka, ina miaka.
Mti wa mshenzi ukaota dirishani,
mizizi yake ikaingia penye chokaa kama vidole mfukoni.

Ndipo tukaja sisi.
Wao husema haba na haba hujaza kibaba;
kwetu haba na haba ilimaliza mnara.
Kizingiti cha jiko la nyanya yangu kilitoka ukumbini,
kimelika katikati kwa nyayo za watu wasiotujua.
Zizi la kondoo ni ukuta wa kaskazini, umelala.
Na jiwe lenye tundu la bunduki
nililijenga mimi, kwenye banda la kuku.

Kila alfajiri kuku mwekundu hutoa kichwa pale,
analenga bonde zima,
kisha anadai mahindi.