Hali ya Njia, Kilima cha Igogo

Ukifika kwa fundi baiskeli, vua viatu.
Vuli imelainisha lile jiwe pana
tunaloanikia makopa. Jana Nyanzobe aliteleza hapo:
ndoo ilitangulia, yeye akafuata kwa makalio.

Mkaratusi usiushike, mizizi iko nje.
Shika jabali,
limeshazoea uzito wetu.

Ngazi za saruji hesabu kumi na saba;
ya kumi na nane iliondoka na mvua ya Jumanne.
Hapo pumua. Utaliona ziwa, kijivu,
na mabati ya watu wa chini, ambao maji huwafuata
mlangoni.

Mimi huku juu mwaka wa ishirini na sita,
na kila Novemba najifunza kutembea.

Wingu likikaa upande wa Ukerewe, usipande.
Lala kwa mama Sayi.
Kilima hakihami.